Pikipiki ya Stima: Mjue Muuzaji Kabla Hujatuma Dipoziti

Leo tuongee kuhusu kitu ambacho wengi mnakiwazia saa hizi: kuachana na petroli na kununua pikipiki ya stima.

Chukua mfano huu. Kuna jamaa mwendesha boda Kitengela. Bei ya petroli imemchosha, na kila siku anapishana na wenzake wenye pikipiki zisizo na kelele. Usiku mmoja anaona tangazo kwenye simu: pikipiki ya stima, mpya kabisa, kilomita 200 kwa chaji moja, dipoziti ni shilingi 20,000 tu, na zimebaki tatu. Anapiga simu. Muuzaji ana maneno matamu, anamwita "bosi" kila baada ya neno la tatu. Mwishowe anamwambia atume dipoziti leo leo kwa nambari ya "mhasibu", kesho pikipiki ataletewa hadi mlangoni.

Hiyo 20,000 ni akiba ya miezi minane. Afanye nini?

Sisi hatuuzi pikipiki. Kazi yetu ni kusaidia pesa itoke mkono mmoja ifike mwingine. Lakini kwa kazi hii tumejua jambo moja: ukishaweka PIN na pesa ikatoka, ni vigumu sana kumbana mtu kwa maswali. Maswali yote yaulizwe pesa ikiwa bado kwako. Hii makala ni ya kukusaidia kujua maswali hayo ni yapi.

Kwa nini umchague muuzaji kwanza, pikipiki baadaye

Boxer au TVS ya petroli ikikukatikia barabarani, kuna fundi karibu kila stendi. Plagi, kebo, cheni na kabureta zinapatikana hata kwenye soko dogo la kijijini. Ukikosana na aliyekuuzia, maisha yanaendelea.

Pikipiki ya stima ni tofauti. Ndani yake kuna betri, mota, kontrola inayoamua mota ipate nguvu kiasi gani, na chaja. Ndani ya betri kuna kifaa kidogo kinachoitwa BMS, ambacho huzuia seli zisichajiwe kupita kiasi wala zisipate joto kali. Vitu hivi vingi huwa vya aina yake, yaani kontrola ya pikipiki moja haiingii kwenye nyingine hivi hivi. Na fundi wa mtaani, hata awe stadi wa injini namna gani, mara nyingi hana vifaa vya kupima au kufungua betri ya lithiamu. Akiifungua bila kujua, anaweza kuwasha moto.

Kwa hivyo ukinunua pikipiki ya stima, unajifunga na muuzaji kwa miaka. Yeye ndiye mwenye spea, ndiye mwenye fundi, ndiye mwenye waranti. Akifunga duka au akizima simu, unabaki na chuma cha kusukuma.

Wauzaji ni wa aina gani hapa Kenya?

Wa kwanza ni kampuni zinazotengeneza au kuunganisha pikipiki zenyewe na kuziuza. Roam, ambayo ilianzia Nairobi mwaka 2017 kwa jina la Opibus, ni mfano mmoja. Pikipiki yake ina betri unayoweza kutoa na kwenda nayo kuchaji nyumbani.

Wa pili ni kampuni za kubadilisha betri. Ampersand, iliyoanza biashara Kigali mwaka 2019, na Spiro, iliyozinduliwa rasmi Mombasa na Rais William Ruto mnamo Septemba 2023, zote hutumia mfumo huu. Unafika stesheni, unaacha betri iliyoisha, unachukua iliyojaa, unaenda. Mara nyingi pikipiki ni yako lakini betri ni ya kampuni.

Wa tatu ni wakopeshaji. Hawa hukupa pikipiki ya kampuni nyingine, unalipa dipoziti kisha kidogo kidogo kila siku kwa simu.

Wa nne ni maduka madogo yanayoagiza pikipiki kutoka nje, hasa Uchina, na kuuza kwa pesa taslimu. Kuna wazuri na kuna wa kubahatisha.

Wa tano ni watu wa matangazo ya mtandaoni wasio na duka, gereji wala fundi. Wao wana picha tu.

Hatukuambii ununue kwa nani. Tunachosema ni kwamba kila aina ina swali lake. Kwa kampuni ya betri za kubadilisha, uliza stesheni ziko wapi, zinafungwa saa ngapi, na ukirudisha betri ikiwa na chaji imebaki, unalipia yote au ulichotumia tu. Kama wewe hufanya kazi Ngong na stesheni ya karibu iko Dagoretti Corner, piga hesabu ya kwenda na kurudi. Kwa duka dogo, uliza spea ziko hapa nchini ama "zinakuja na meli". Meli inaweza kuchukua miezi, na huku deni la nyumba halingoji.

Anayejua kazi yake atakuuliza kwanza

Hii ni njia rahisi ya kumjua mtu mwenye ujuzi. Muuzaji asiyejua ataanza na rangi, redio na taa za LED. Anayejua atataka kujua habari zako:

- Kwa siku unaenda kilomita ngapi?
- Unabeba abiria, mizigo, au unapeleka chakula?
- Njia zako ni tambarare au za milima?
- Unalala wapi, na pikipiki inalala wapi?
- Stima ya kwako ni mita yako mwenyewe ama mnachangia?

Hilo swali la mwisho si la umbea. Mtu anayechajia kwenye nyumba ambayo waya zimeunganishwa ovyo, au stima ni ya kugongea, anahatarisha ploti nzima. Muuzaji mwaminifu anaweza hata kukwambia, "Kwa hali yako, chukua mfumo wa kubadilisha betri," ingawa yeye anauza ile ya kuchajia nyumbani. Ukikutana na muuzaji anayekubali kukosa mauzo ili asikudanganye, shikilia nambari yake.

Hesabu ya betri: usidanganywe na kilomita

Turudi kwa lile tangazo la kilomita 200. Hesabu hii unaweza kuifanya mwenyewe kwa simu yako, hata kama hukupenda fizikia shuleni.

Kila betri ina namba mbili zimeandikwa: volti (V) na ampea-saa (Ah). Zizidishe, kisha gawanya kwa 1,000. Jibu ni kilowati-saa, yaani uniti zile zile unazonunua kwa tokeni.

Tuseme betri ni 72V na 45Ah. 72 mara 45 ni 3,240. Gawanya kwa 1,000, unapata uniti 3.24. Hicho ndicho kiasi cha stima kinachoingia ndani ya betri ikijaa.

Sasa, pikipiki ya boda yenye abiria hutumia takriban wati-saa 35 hadi 40 kwa kila kilomita. Barabara ikiwa ya mlima au ukiwa na mwendo wa kasi, inazidi. Ukigawa 3,240 kwa 40 unapata kilomita 81. Ukigawa kwa 35 unapata karibu 92. Kwa hivyo anayekuahidi kilomita 200 kwa betri hiyo anaongea kuhusu mtu mmoja mwembamba, anayeenda polepole, kwenye barabara tambarare, bila abiria. Hiyo si kazi yako.

Mwambie muuzaji akufanyie hesabu hiyo mbele yako. Anayejua atachukua kalamu. Asiyejua atakasirika au atabadilisha mada.

Hesabu hiyo hiyo inakusaidia kujua gharama ya kuchaji. Uniti 3.24 zinahitaji kama uniti 3.6 au 4 kutoka ukutani, kwa sababu nyingine hupotea kama joto. Tuseme uniti moja inakutoka shilingi 28. Chaji moja kamili ni kama shilingi 100 hadi 112. Linganisha na petroli unayoweka kwa kilomita zile zile. Hapo utajua faida ni ya kweli kiasi gani kwa kazi yako wewe, si kwa kazi ya yule wa kwenye bango.

Maswali ya betri na waranti

Betri ndiyo kitu ghali zaidi kwenye pikipiki nzima. Kwa hivyo uliza haya, na majibu uyataka kwa maandishi:

1. Betri ni ya aina gani? Ya asidi na risasi ni rahisi kununua lakini ni nzito na huchoka haraka, mara nyingi baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa. Za lithiamu zinadumu zaidi, na zile za aina ya LFP zikitunzwa vizuri zinaweza kuchajiwa zaidi ya mara 2,000.

2. Waranti ni ya muda gani, na inahesabiwa vipi? "Waranti miaka mitatu" haitoshi. Betri haifi siku moja, inapungua nguvu kidogo kidogo. Waranti nzuri hutaja kiwango, kwa mfano kwamba betri ikishuka chini ya asilimia 70 ya uwezo wake ndani ya muda fulani, inabadilishwa. Bila kiwango hicho, utaambiwa "bado inawaka, haijaharibika."

3. Ni nini kinachovunja waranti? Maji? Kubeba watu wawili? Kutumia chaja nyingine? Kuitumia kwa biashara? Hilo la biashara liangalie mara mbili. Kuna waranti za matumizi ya nyumbani tu, na wewe unanunua ya boda.

4. Inastahimili maji kiasi gani? Tafuta alama ya IP. IP67 ina maana kwamba kifaa hakiingizi vumbi, na kinaweza kuzama mita moja ya maji kwa nusu saa bila kuharibika. Uliza alama hiyo ni ya betri, ya mota, au ya zote. Mafuriko ya Nairobi ya 2024 hatujayasahau.

5. Pikipiki ikiharibika, nitakaa siku ngapi bila kazi? Kuna pikipiki ya kutumia nikingoja? Huyu fundi wenu yuko wapi, naweza kumwona?

Kisha fanya jambo ambalo wengi huliruka: nenda stendi, tafuta watu wawili au watatu ambao wamenunua kwa muuzaji huyo na wameitumia zaidi ya mwaka. Usimwombe muuzaji akuchagulie. Waulize swali moja tu: "Siku iliharibika, walikusaidiaje?" Hapo utasikia ukweli.

Halafu omba kuijaribu ukiwa umebeba mtu, kwenye mlima wa kwenu. Asiyetaka uijaribu ana sababu.

Sheria yetu ya majina matatu

Sasa tuje kwa mambo tunayoyajua vizuri zaidi, yaani pesa. Ukikumbuka jambo moja tu kutoka makala hii, kumbuka hili: majina matatu lazima yalingane.

Jina la kwanza ni linalotokea kwenye skrini unapolipa. Kabla hujathibitisha malipo kwa Paybill au Till, simu inakuonyesha jina la anayepokea. Lisome. Lisome tena.

Jina la pili ni lile la kwenye risiti na mkataba. Risiti iwe ya eTIMS ya KRA, yenye kodi ya QR unayoweza kuikagua. Omba PIN ya KRA ya biashara, kisha iangalie kwenye iTax kama inaleta jina hilo hilo. Kwa eCitizen pia unaweza kutafuta kampuni na kuona kama imesajiliwa na wakurugenzi ni akina nani.

Jina la tatu ni la kwenye karatasi za pikipiki. Pikipiki ya stima husajiliwa na NTSA kama nyingine yoyote, na inahitaji namba na bima. Muulize muuzaji: usajili unafanywa na nani, unachukua muda gani, na logbuku itakuwa kwa jina la nani? Kama ni mkopo, kwa kawaida jina la mkopeshaji litakuwepo pamoja na lako hadi umalize deni. Hiyo ni sawa, mradi imeandikwa kwenye mkataba kwamba ukimaliza litaondolewa, na nani atalipia mabadiliko hayo.

Kama kampuni inaitwa hivi, Till ni ya mtu binafsi, na risiti ina jina la tatu kabisa, simama hapo hapo. Anaweza kukupa sababu nzuri sana: mhasibu yuko likizo, Paybill iko chini, ofa inaisha saa kumi. Kampuni halali ya kuuza pikipiki za laki mbili haikosi mahali pa kupokea pesa kwa jina lake. Paybill ikiwa chini leo, utalipa kesho.

Kwa mkopo, angalia jumla, si ya kila siku

Malipo ya kila siku huonekana madogo, na ndiyo maana yanapendwa. Lakini fanya hesabu yote. Tuseme bei ya taslimu ni shilingi 215,000. Kwa mkopo unaambiwa dipoziti 25,000, kisha 450 kila siku kwa miaka miwili. Siku ni 730. 450 mara 730 ni 328,500. Ongeza dipoziti, jumla ni 353,500. Tofauti na taslimu ni shilingi 138,500.

Hatusemi mkopo ni mbaya. Watu wengi hawawezi kupata 215,000 kwa mara moja, na pikipiki inajilipa ikifanya kazi. Tunasema ujue unachokubali. Na uliza haya pia:

- Jumapili na siku za kuugua, bado nalipa?
- Nikikosa siku mbili, mnazima pikipiki kwa mbali? Nikiwa barabarani je?
- Pikipiki ikiwa gereji kwa kosa lenu, siku hizo zinahesabiwa?
- Betri ikifa kabla sijamaliza deni, naendelea kulipa?
- Nikimaliza mapema, napunguziwa?

Muuzaji mwaminifu atakuonyesha majibu yalipo kwenye mkataba. Kama jibu ni "usijali, tutaelewana", ujue hamjaelewana. Na mkataba ukiwa kwa Kiingereza na hukielewi vizuri, uende nao nyumbani, umsomee mtu unayemwamini. Una haki hiyo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mnunuzi haki ya bidhaa bora na ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike na anachonunua.

Kama tayari umetuma

Usione aibu, na usingoje hadi asubuhi. Pigia huduma kwa wateja ya kampuni iliyopitisha pesa yako mara hiyo hiyo, ukiwa na namba ya muamala. Pesa ikiwa bado haijatolewa, kuna nafasi ya kuizuia. Ikishatolewa, kuirudisha ni vigumu sana. Piga ripoti polisi upate namba ya OB, na uhifadhi meseji, picha za tangazo na namba za simu. Usifute chochote kwa hasira. Na usimtumie tena "ada ya kurudishiwa pesa", kwa sababu huo ni utapeli wa pili juu ya wa kwanza.

Kama muuzaji ni halali lakini amekataa kuheshimu waranti, andika malalamiko yako kwake kwanza, ubaki na nakala. Akikataa, unaweza kuyapeleka kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo pia hushughulikia haki za wanunuzi.

Turudi Kitengela

Yule jamaa wetu afanye hivi. Asitume kitu usiku huu. Kesho aulize duka liko wapi. Kama hakuna duka, mazungumzo yameisha. Kama lipo, aende, aone fundi, aone spea, aombe volti na ampea-saa za betri, apige hesabu. Aijaribu akiwa na abiria. Aongee na wawili walioinunua mwaka jana. Achukue mkataba akalale nao. Kisha, akiridhika, alipe kwa Paybill au Till yenye jina la kampuni, akiwa amesimama dukani, na asiondoke bila risiti.

Labda zile "tatu zilizobaki" zitakuwa zimeisha. Si neno. Pikipiki za stima zinaendelea kuingia nchini na nyingine kuunganishwa hapa hapa. Akiba ya miezi minane ikipotea, ni miezi mingine minane kuirudisha.

Kama una swali kuhusu malipo kabla ya kununua, tuulize. Tungependa utuulize kabla, kuliko utupigie baada. Safari njema, na usisahau helmeti.